Gloucester Alijua Kuwa Ardhi ni Tambarare

"Tutafika lini kileleni mwa kilima hicho?" anauliza mzee.

"Ndicho unachokipanda sasa. Angalia tunavyohangaika," anajibu kijana anayemshika mkono.

"Mbona naona ardhi ni tambarare?"

"Ni mwinuko wa kutisha. Sikiliza. Husikii bahari?"

"Hapana, kwa kweli."

"Basi hisi zako nyingine nazo zimeharibika kwa maumivu ya macho."

Tuko katika King Lear, tamthilia ya William Shakespeare, tendo la 4, onyesho la 6. Mzee ni Gloucester, aliyeng'olewa macho yote mawili. Kijana ni Edgar, mwanawe wa ndoa, ambaye amejigeuza kichaa ombaomba na baba yake hajui kwamba ndiye. Kilima hakipo, bahari haipo. Jukwaa lenyewe ni sakafu ya mbao iliyonyooka.

Mistari hii imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, na kila nikiirudia nakwama pale pale. Mzee ana haki. Ardhi ni tambarare. Bahari haisikiki. Punde ataongeza kwamba hata sauti ya kiongozi wake imebadilika, kwamba sasa anazungumza kwa ufasaha kuliko mwanzo. Hapo pia ana haki, kwa maana Edgar ameanza kusahau lafudhi ya kichaa. Na Edgar anamjibu kwamba amekosea sana, kilichobadilika ni nguo tu.

Kipofu anasema kweli mara tatu mfululizo, na mara tatu mwanawe anamwambia amekosea.

Jibu la mtihani

Sote tunalijua jibu linaloandikwa kwenye mtihani: Gloucester alipokuwa na macho alikuwa kipofu, alipopofuka akaanza kuona. Lina ulinganifu mzuri na linapata alama. Hata Gloucester mwenyewe analisema, katika tendo la 4, onyesho la 1: hana njia ya kwenda, kwa hiyo hahitaji macho, alijikwaa alipokuwa akiona.

Shida ni kwamba tamthilia inaendelea baada ya mstari huo, na yanayofuata hayakubaliani nao.

Chukua namna anavyoujua ukweli kuhusu Edmund, yule mwana wa nje ya ndoa aliyemsaliti. Macho yametoka, damu inamwagika, anamwita Edmund aje amlipizie kisasi. Regan, binti wa mfalme Lear, anamkata: unamwita mtu anayekuchukia, yeye ndiye aliyetufichulia uhaini wako. Papo hapo Gloucester anaelewa kwamba Edgar alisingiziwa. Hakuna mwanga wa ndani uliowaka. Ameambiwa. Habari imeingia masikioni kutoka kinywani mwa adui, na kama Regan angeyasema maneno hayo robo saa kabla, Gloucester angeyaelewa vilevile akiwa na macho yake mawili.

Kupofuka hakukumfundisha kitu. Na nadhani tunang'ang'ania fomula ile kwa sababu inalipa lile tendo maana. Tunataka ukatili uzae hekima, la sivyo tumekaa tukitazama mzee akiteswa bure.

Barua isiyohitaji miwani

Tazama jinsi Edmund alivyomdanganya katika tendo la 1, onyesho la 2, maana ufundi wake utarudi baadaye. Ameghushi barua ya kumuua baba yao, ameiandika kwa jina la Edgar. Haimpi Gloucester. Anaificha haraka mfukoni, lakini kwa namna ambayo lazima ionekane. Baba anauliza ni nini hicho. "Si kitu, bwana." Basi kama si kitu, anasema Gloucester, sitahitaji miwani kukisoma. Lete tuone.

Anaisoma mwenyewe. Anauliza kama ule ni mwandiko wa Edgar. Edmund anasita kidogo, kisha anakubali kwamba ni wake, ila anatumaini moyo wake haumo humo. Halafu anaahidi kumweka baba mahali ambapo atawasikia wawili hao wakizungumza, ili masikio yake yamhakikishie.

Gloucester hapa hakuzembea. Aliomba ushahidi wa macho, akapewa. Aliahidiwa ushahidi wa masikio. Kosa lake liko kwingine: barua ilipomwambia jambo lisilofanana kabisa na mtoto aliyemlea, aliiamini barua. Alichokijua kwa miaka kilishindwa na alichoonyeshwa kwa dakika.

Kiti

Onyesho la 7 la tendo la 3 linahitaji vifaa vichache: kiti kimoja, kamba, panga mbili. Watumishi wanamfunga Gloucester mikono, kwa kuwa amemsaidia mfalme Lear. Regan anamnyofoa ndevu. Cornwall, mume wa Regan, anawaamuru watumishi wakishike kiti kisitikisike, kisha anasema ataweka mguu wake juu ya macho hayo. Waongozaji wengi hukilaza kiti chali au hukigeuza kiwape watazamaji mgongo, ili kitendo kifichwe na sauti ibaki. Hilo huleta athari kali kuliko damu nyingi ya bandia, ambayo macho huizoea upesi.

Baada ya jicho la kwanza, mtumishi mmoja anachomoa upanga. Hana jina. Amemtumikia Cornwall tangu utotoni, anasema, na hajawahi kumfanyia huduma iliyo bora kuliko hii ya kumwambia aache. Anamjeruhi Cornwall jeraha litakalomuua. Regan anachukua upanga na kumchoma mtumishi kutoka nyuma. Akifa, anamwambia Gloucester: bwana, umebakiwa na jicho moja la kuona akipatwa na mabaya.

Cornwall anayasikia maneno hayo, na anahakikisha jicho hilo halioni tena.

Hili ni jambo gumu kumeza. Mtu pekee chumbani aliyeona sawasawa na kutenda sawasawa ndiye ambaye maneno yake ya faraja yanachochea tendo la pili. Shakespeare angeweza kumwacha afe kimya. Hakumwacha.

Katika chapa ya mwaka 1608, baada ya hayo watumishi wawili wanabaki. Mmoja anakwenda kutafuta kitani na ute wa mayai wa kupaka uso unaovuja damu. Mwingine anawaza kumtafutia mzee mtu wa kumwongoza. Katika chapa kubwa ya mwaka 1623 mistari hiyo haipo. Peter Brook, alipoiongoza tamthilia mwaka 1962 Paul Scofield akiigiza Lear, naye aliiondoa, Gloucester akatoka bila msaada wa yeyote. Mimi ningeirudisha. Ni msaada wa kwanza unaomfikia Gloucester, na hauna udanganyifu wowote ndani yake: kitani, mayai, na mtu wa kumshika mkono.

"Sina budi"

Sasa tufike kwenye kinachonisumbua hasa.

Tendo la 4, onyesho la 1. Mpangaji mzee wa karibu miaka 80 anamleta Gloucester akimwongoza. Edgar yupo pale, amesimama katika matambara yake ya kichaa. Gloucester, bila kujua nani anasikiliza, anasema: ee mwanangu Edgar, nikijaliwa tu kuishi nikuone kwa kukugusa, nitasema nimepata macho tena.

Anasema hasa anachokihitaji. Hadai macho. Anadai mkono wa mwanawe, na mwanawe yuko hatua chache kutoka kwake.

Edgar hasemi kitu. Kwa kauli ya kando anakiri kwamba hawezi kuendelea kujifanya. Kisha anaongeza: hata hivyo sina budi.

Kwa nini hana budi? Tamthilia haitoi sababu. Sisi tunaweza kumtafutia. Anawindwa, bandari zimefungwa, yeyote atakayemkamata ameahidiwa shukrani. Mpangaji yule alikuwapo hadi punde, na huenda si wa kuaminiwa. Yote hayo yana uzito. Lakini mpangaji amekwisha kuondoka akatafute nguo, wamebaki wawili njiani kuelekea Dover, mji wa pwani ya Uingereza, na Edgar bado ni Tom, jina alilojipa la kichaa. "Nipe mkono wako," anasema. Na baba anaushika.

Kwa hiyo ombi lake limejibiwa. Amemgusa mwanawe. Ila hajui.

Kunguru, panya, boya

Gloucester ametaka apelekwe ukingoni mwa genge la Dover, ule ukuta wa mwamba mweupe unaotazama bahari, ili ajitupe. Habari ya mfalme kipofu anayemwomba mwanawe ampeleke juu ya jabali Shakespeare aliipata katika Arcadia ya Philip Sidney, iliyochapishwa mwaka 1590. Humo mwana anakataa kabisa. Shakespeare akabadilisha: mwana anakubali, kisha anamleta baba mahali ambapo genge halipo.

Hotuba ya Edgar hapo ni kazi ya fundi, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua. Anaanza katikati ya anga: kunguru wanaoruka pale wanaonekana wakubwa kama mbawakawa tu. Nusu ya njia kwenda chini ananing'inia mtu anayechuma majani ya kuliwa yanayoota miambani, naye haonekani kuzidi kichwa chake. Chini kabisa, wavuvi ufukweni ni panya. Jahazi refu lililotia nanga limekuwa dogo kama mashua yake. Mashua imekuwa boya. Na boya ni dogo mno kulifikia kwa macho. Kila kitu kinapimwa kwa kitu kidogo zaidi, hadi kuona kunaisha. Hapo ndipo anahamia kwenye sauti: mawimbi yanayovunjikia kokoto hayasikiki kutoka juu hivi.

Ona alivyolitumia jibu la baba yake. Mzee alisema hasikii bahari. Sasa ukimya huo umefanywa ushahidi wa urefu wa genge.

Edmund alifanya vivyo hivyo na barua. Alichukua kitu ambacho baba alikuwa nacho mkononi akakigeuza kithibitishe uongo. Ndugu hawa wawili wana nia zisizokaribiana hata kidogo: mmoja anataka urithi, mwingine anataka baba yake aishi. Lakini ufundi ni mmoja, na anayefanyiwa ni mtu yule yule.

Na anayefanyiwa si yeye peke yake. Katika ukumbi wa Globe, ambako tamthilia za Shakespeare zilichezwa, watu walitazama mchana, juani, mbele ya jukwaa lisilo na mandhari ya kuchorwa. Usiku ulikuwapo kwa sababu mwigizaji amesema ni usiku. Msitu ulikuwapo kwa sababu umetajwa. Mhusika akisema hapa ni ukingo wa genge, mtazamaji hana sababu ya kumkatalia, maana maneno ndiyo mahali. Hadi Edgar aseme kando kwamba anauchezea hivi ukata tamaa wa baba yake ili autibu, mtu mwenye macho mazima ukumbini hana hakika zaidi ya Gloucester. Ana hakika pungufu. Gloucester walau ana nyayo zinazomwambia ardhi haipandi.

Ndiyo maana onyesho hili huharibika likijengewa vifaa. Ukiweka ngazi au jukwaa dogo la kurukia, watu wanaupima urefu kwa macho, wanaona ni wa goti, na mzee anapoanguka wanacheka. Ukichora miamba nyuma, umewadanganya kwa picha wakati mwandishi alitaka wadanganywe kwa maneno. Sakafu ibaki wazi. Mzee apige magoti, aage dunia, aanguke kifudifudi kimo cha mwili wake tu. Kisha akae kimya kwa muda unaotosha watu waanze kuhofia kwamba amekufa kweli. Edgar mwenyewe analihofia hilo, anasema dhana huenda ikaiba uhai wa mtu aliyekwisha kuutoa.

Halafu Edgar anakuja na sauti nyingine, kama mtu aliyekuwa ufukweni. Umeanguka urefu unaozidi milingoti kumi iliyounganishwa, anamwambia, na u mzima; uhai wako ni muujiza. Inua macho, tazama juu ulikoanguka.

"Ole wangu, sina macho," anasema Gloucester.

Anayemtambua

Hapo anaingia Lear, amevaa maua ya mwituni, akili imemtoka. Gloucester anaisikia sauti na kusema anaikumbuka vizuri: je, si mfalme? Tena masikio yake hayakukosea. Safari hii anajibiwa kweli. Naam, kila inchi mfalme.

Mazungumzo yao si ya upole. Lear anayafanyia mzaha yale matundu ya macho, anampa hati asome, na Gloucester anasema kwamba hata kila herufi ingekuwa jua asingeiona. Lear anamwambia kwamba hata hivyo anaona dunia inavyokwenda, na Gloucester anajibu kwamba anaiona kwa kuihisi. Gloucester anajibu kwamba anaiona kwa kuihisi.

Kisha katikati ya wazimu Lear anasema: ukitaka kunililia, chukua macho yangu. Nakujua vizuri. Jina lako ni Gloucester.

Kichaa amemwita mwenzake kwa jina lake. Mwana mwenye akili timamu, aliyesimama kando akitazama, hajafanya hivyo. Anasema tu kwamba kama angesimuliwa asingeamini, na kwamba moyo wake unavunjika. Simdharau kwa hilo. Mistari yake ni ya uchungu wa kweli. Ila Gloucester hayuko katika mistari hiyo. Ni kauli za kando, zimesemwa kwetu sisi.

Tangu pale kwenye genge Edgar anamwita "baba", kama kijana yeyote anavyomwita mzee yeyote njiani. Gloucester anasikia adabu ya mpita njia. Sisi tunasikia kitu kingine, na Edgar anajua kwamba tunasikia.

Je, alipona?

Edgar alisema anafanya hivi ili kutibu. Basi tuipime dawa.

Mara baada ya anguko Gloucester anaahidi kuvumilia mateso hadi yenyewe yaseme basi. Katika onyesho hilo hilo Oswald, mtumishi wa Goneril dada yake Regan, anakuja na upanga apate zawadi ya kichwa chake, na Gloucester anamkaribisha: mkono wako wa kirafiki utie nguvu ya kutosha. Edgar anamuua Oswald, akitumia lafudhi nyingine tena, ya mkulima. Onyesho la 2 la tendo la 5, vita vikishashindwa, Gloucester anakataa kuinuka chini ya mti. Mtu anaweza kuozea hata hapa, anasema.

Hakupona. Muujiza ulidumu kwa muda aliousahau kwamba hakuuona.

Kisha mwisho. Edgar, akiwa amevaa silaha tayari kupambana na Edmund, anajitambulisha kwa baba yake. Haya hatuyaoni jukwaani, tunasimuliwa na Edgar: moyo wa mzee, uliokwisha kupata ufa, ulishindwa kuhimili furaha na huzuni kwa pamoja, ukapasuka ukitabasamu. Kabla ya kusimulia anakiri kwamba hakujifunua kwa baba yake hadi nusu saa hivi iliyopita, na analiita hilo kosa.

Hapa ndipo hoja yangu inapokutana na kizuizi chake kikubwa, na lazima nikiseme. Gloucester alijua, akafa. Huenda basi Edgar alikuwa sahihi kuogopa. Huenda pale njiani, siku za mwanzo, jeraha likiwa bichi, mkono uliosema "ni mimi" ungemuua mapema zaidi. Siwezi kulikanusha hilo. Lakini naona pia kwamba moyo ulipasuka kwa kubebeshwa yote kwa mara moja: mwana, hija nzima, kila sauti ya uongo, genge ambalo halikuwapo. Edgar anasema alimsimulia safari yao yote tangu mwanzo hadi mwisho. Hebu fikiria kuisikiliza habari hiyo. Alikuwa na haki kuhusu ardhi. Alikuwa na haki kuhusu bahari na kuhusu sauti. Na mkono alioutamani alikuwa ameushika wakati wote.

"Inua macho, bwana wangu"

Tamthilia inafungwa na Lear akiwa na maiti ya Cordelia, binti yake mdogo. Anaomba kioo aone kama pumzi itakitia ukungu. Kent, mtumishi wake mwaminifu, anakuja mbele yake, na Lear anasema macho yake si mazuri. Katika chapa ya 1623 maneno yake ya mwisho yanawaamuru waliopo watazame: mtazameni, tazameni midomo yake, tazameni pale. Katika chapa ya 1608 hayapo. Kuna kuugua, kisha anauomba moyo wake upasuke. Hatuwezi kujua anaona nini, uhai au matumaini tu ya uhai.

Anaanguka. Edgar anamkimbilia na kumwambia: "Inua macho, bwana wangu."

Ndiyo amri ile ile aliyompa baba yake chini ya genge la uongo, kwa mtu asiye na macho. Safari hii Kent yupo. Anamzuia: usiisumbue roho yake, mwache apite.

Kisha inakuja hotuba ya mwisho, kwamba tuseme tunachohisi, si kile tunachopaswa kusema, na kwamba sisi vijana hatutaona mengi kiasi hiki wala kuishi muda mrefu hivi. Chapa ya 1608 inampa maneno hayo Albany, mkwe wa Lear. Ya 1623 inampa Edgar. Mwongozaji lazima achague, na kwangu uchaguzi si mgumu. Albany akiyasema ni hitimisho la mtawala anayefunga shughuli. Edgar akiyasema, yanatoka kwa mtu aliyetembea na baba yake hadi Dover bila kumwambia alichohisi, naye hana tena wa kumwambia.